Popobawa wa 1995: tunachokicheka na mtu tuliyemsahau

Kaa kwenye barza yoyote ya Jang'ombe baada ya sala ya Isha, kisha litaje jina Popobawa. Wazee watacheka kwanza. Halafu mmoja ataanza: "Mwaka ule sisi tulilala uwanjani, nyumba nzima, na majirani." Mwengine atadakia kwamba mume wa fulani alikuwa anajifanya jasiri, lakini ndiye aliyekuwa wa mwanzo kutoka na godoro lake. Mpaka barza livunjike, watu wana machozi ya kicheko.

Mimi nimezaliwa baada ya mwaka huo, kwa hiyo hadithi nimeikuta. Bibi yangu alikuwa akiisimulia kwa vitendo, hasa pale anapoigiza babu alivyobeba mkeka kwapani na tochi mdomoni. Nimeicheka utoto wangu wote. Ni nilipoanza kusoma historia ya uchawi kwa ajili ya utafiti wangu ndipo nilipokutana na jambo ambalo barzani hupitwa haraka, kama hulisemwa kabisa: mwaka ule, hapa hapa mjini Unguja, kundi la watu lilimuua mtu kwa kuamini kwamba yeye ndiye Popobawa. Alikuwa kijana, mgeni kutoka bara, mgonjwa wa akili.

Nilimuuliza bibi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ee, tulisikia." Basi.

Makala hii ni juu ya hilo "tulisikia". Nataka tuangalie pamoja namna hofu ya usiku inavyogeuka kuwa mauti ya mtu mchana, na kwa nini anayekufa mara nyingi ni mtu wa aina ile ile.

Mwaka wenyewe ulikuwaje

Hofu ilianza Pemba mapema mwaka 1995, wakati wa Ramadhani, ikavuka bahari ikafika Unguja. Jina ni popo na bawa. Watu walisema ni kiumbe wa usiku: unalala, unahisi kitu kizito kimekukalia kifuani, huwezi kusogea wala kupiga kelele, kisha kinakufanyia uovu ambao mtu huona haya kuutaja. Hakichagui mwanamume wala mwanamke. Dawa ikawa ni kutolala ndani. Watu wakatoka nje kwa makundi, wakawasha moto, wakakesha.

Wazee wa Pemba walikuwa na kumbukumbu ya hofu kama hiyo katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964. Na haikuishia 1995: mwaka 2007 Popobawa alizungumzwa tena, safari hii Dar es Salaam.

Kuna mambo mawili ya mwaka 1995 ambayo bila ya hayo hutaielewa hadithi hii.

La kwanza ni sharti la Popobawa. Ilisemwa kwamba aliyetokewa lazima awasimulie wenzake, la sivyo atarudiwa. Hebu fikiria. Huu ni uvumi uliobeba ndani yake amri ya kuusambaza! Katika jambo la aibu kama hili, ambalo kwa kawaida mtu angelificha hata kwa nduguye, watu walijikuta wanalazimika kusema. Na kila aliyesikia alikwenda kulala na picha hiyo kichwani.

La pili ni siasa. 1995 ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, uliofanyika mwezi wa Oktoba. CCM na CUF walikuwa wanavutana, na mtaani watu waligawanyika hadi katika misikiti, maduka na barza. Basi Popobawa naye akavishwa siasa: wengine walisema ameletwa na upande ule, wengine wakasema ni njama ya upande huu. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalikuwa na adui ndani yake.

Usingizi unaeleza nini, na hauelezi nini

Tukianza na sayansi: kifua kubanwa, mwili kutosogea, kuhisi kuna mtu chumbani. Sisi tunalo neno la zamani la hali hii, jinamizi. Tunapoota, ubongo hufunga misuli ya mwili ili tusitende tunayoyaota. Mara nyengine mtu huamka kabla misuli haijafunguliwa. Macho yanaona chumba, lakini mwili haufuati amri, na ndoto bado inaendelea juu ya chumba kile kile. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2011 ulikadiria kwamba karibu watu 8 kati ya 100 hupatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Kisiwani Newfoundland, Canada, wanasema ni bibi kizee amekukalia. Wajapani wanaiita kanashibari. Kukosa usingizi huizidisha, na watu wanaokesha nje kwa hofu usiku baada ya usiku ni watu wasiolala vizuri.

Lakini tusijidanganye kwamba tumemaliza. Jinamizi linaweza kueleza kilichompata mtu kitandani. Halielezi kwa nini, kukikucha, watu wazima wenye akili zao walimzunguka kijana na kumuua. Popobawa hana uso, na hofu isiyo na uso inachosha. Watu hutafuta wa kuibebesha. Swali ambalo mwanahistoria analazimika kuuliza ni: wanampata nani?

Salem, 1692

Hapa naomba twende mbali kidogo, kwa sababu kuna kesi moja ambayo kumbukumbu zake za mahakama zimehifadhiwa vizuri, na inajibu swali hili. Mwaka 1692, katika kijiji cha Salem, koloni la Waingereza la Massachusetts huko Marekani, wasichana walianza kupatwa na degedege na kupiga makelele. Ikasemwa wamerogwa. Wa mwanzo kutajwa walikuwa wanawake watatu: Tituba, aliyekuwa mtumwa, Sarah Good, maskini aliyekuwa akiombaomba nyumba kwa nyumba, na Sarah Osborne, mgonjwa ambaye hakuwa akionekana kanisani. Hakuna kati yao aliyekuwa na mtu mzito wa kusimama na kusema, "Huyu namjua, si mchawi."

Baadaye moto uliwafikia hata wenye mali na heshima. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja alikufa kwa kukandamizwa na mawe kwa sababu alikataa kujibu shitaka. Lakini ona ulivyoanza: ulianzia pembeni ya jamii.

Salem ni ndogo ukilinganisha na Ulaya yenyewe. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba kati ya karne ya 15 na ya 18 waliouawa huko kwa tuhuma za uchawi walikuwa baina ya 40,000 na 60,000, wengi wao wanawake. Nayataja haya makusudi, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba uchawi ni jambo la Waafrika. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alipita visiwani kwetu na katika kitabu chake cha 1931, Remote People, akaieleza Pemba kama makao makuu ya uchawi. Sisi wenyewe tumelipokea hilo: mtu wa Unguja ukimtajia uchawi, atakuonesha Pemba kwa kidole. Uchawi siku zote uko kwa wenzetu, ng'ambo ya maji.

Shinyanga, karibu na nyumbani

Turudi Tanzania. Mtafiti Simeon Mesaki alikusanya takwimu za mauaji yanayohusishwa na uchawi Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984, na hesabu yake ilifika watu 3,693. Kati yao wanawake walikuwa 2,286. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukumani, na waliolengwa hasa ni bibi vizee. Kwa wengine "ushahidi" ulikuwa macho mekundu, macho ya mtu aliyepika miaka mingi juu ya moshi wa kuni na samadi.

Mchumi Edward Miguel alichunguza wilaya ya Meatu, na mwaka 2005 alichapisha matokeo ambayo mimi nikiyasoma hunikosesha raha. Katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya "wachawi" yalikuwa karibu mara mbili ya miaka ya kawaida. Mauaji mengine hayakuongezeka hivyo. Na waliohusika mara nyingi walikuwa jamaa wa marehemu. Yaani chakula kikipungua, bibi anayekula bila kulima anaanza kuonekana kwa jicho jengine.

Hapa nakiri kwamba fikra yangu ya mwanzo ilitikisika. Nilidhani anayeuawa ni mgeni, asiye na ndugu. Meatu inasema ndugu nao wanaweza kuwa ndio wauaji. Kwa hiyo naona ni sahihi zaidi kusema hivi: anayeuawa ni yule ambaye, siku hiyo, hakuna mtu anayeona hasara kumkosa.

Na serikali je? Sheria ya uchawi ya Tanganyika ya 1928 ilifanya makosa mawili kwa pamoja: kujidai una uchawi, na kumtuhumu mwenzako kuwa mchawi. Wakoloni walitoka kwenye nchi ambayo yenyewe iliwahi kunyonga "wachawi", kisha katika karne ya 18 ikabadilisha sheria yake. Vijijini watu waliielewa sheria hii vyengine kabisa: eti serikali inawalinda wachawi. Na pale watu wanapoamini kwamba mahakama haitawasikiliza, hujipa mahakama yao wenyewe barabarani.

Hata kuyazuia mauaji kwa nguvu kulileta mauti. Katika miaka ya 1970 vyombo vya dola vilikamata watu Shinyanga na Mwanza katika kuyachunguza mauaji hayo, na baadhi ya waliokamatwa waliteswa wakafia mikononi mwa wachunguzi. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, ambaye tunamjua vizuri Zanzibar. Yeye hakumpiga mtu. Alijiuzulu kwa sababu mambo hayo yalitokea chini ya wizara yake. Miaka michache baadaye akawa Rais wa Zanzibar, kisha wa Jamhuri ya Muungano.

Tumrejee yule kijana

Sasa mpime kijana wa 1995 kwa vipimo hivi. Mgeni: hakuwa na mama mtaani wa kutoka mbio na kanga moja akipiga kelele, "Mwanangu huyo, mwacheni!" Mgonjwa wa akili: akiulizwa, hawezi kujieleza kwa namna ya kuwaridhisha watu waliokwishaingiwa na hofu. Mtu wa bara, katika mwaka ambao suala la nani ni wetu na nani si wetu lilikuwa linachemka. Kila kitu ambacho kingeweza kumwokoa, hakuwa nacho.

Na sisi watu wa mjini hatuna udhuru wa kusema hatukuwa tunajua ugonjwa wa akili unafananaje. Hospitali ya wagonjwa wa akili, Kidongo Chekundu, iko hapa hapa mjini kwetu. Mtu anayetembea peke yake akizungumza na asiyeonekana tumemwona tangu utotoni, na kawaida tunamwachia njia apite. Mwaka ule, kwa muda, tulisahau tunachokijua.

Huko Massachusetts, mwaka 1711 serikali iliwalipa fidia familia za wengi waliohukumiwa Salem. Wa mwisho kusafishwa jina, Elizabeth Johnson, alisafishwa mwaka 2022, karibu miaka 330 baada ya hukumu yake, baada ya mwalimu wa skuli na wanafunzi wake kuifuatilia kesi. Watoto wa skuli! Walikaa na karatasi za zamani, wakauliza, "Na huyu mbona ameachwa?"

Sikuambii uache kuicheka hadithi ya Popobawa. Babu na tochi yake mdomoni bado ananichekesha, na naamini kicheko ndicho kilichowasaidia wengi kurudi kulala ndani. Lakini waliokesha uwanjani mwaka 1995 bado wako hai, wengi wao ni wazee wa sasa. Leo usiku, ukikuta hadithi imeanza barzani, wasubiri wamalize kucheka, kisha uliza kwa adabu: "Mzee, yule kijana aliyeuawa, alikuwa akiitwa nani?"

Bibi yangu nilimuuliza mara ya pili. Hakuwa akijua jina. Alisema tu, "Maskini. Na yeye alikuwa na mamaake."