Daftari la Ubatizo na Mtu wa Tatu: Faragha ya Waumini Jinja na Mbale

Mashariki mwa Uganda, taasisi za dini zilitunza kumbukumbu za watu tangu zama ambazo mkono wa serikali ulikuwa haujafika vijijini. Daftari la ubatizo huandikwa jina la mtoto, siku aliyozaliwa, wazazi wake na wadhamini, na hadi leo cheti kinachotolewa humo huonyeshwa pale ambapo mtu hana cheti cha kuzaliwa. Jinja ni jimbo la Kikatoliki tangu 1966. Mbale ndiko kilikofunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda mwaka 1988, na ndiko iliko hospitali ya Kikristo ya CURE, maarufu kwa upasuaji wa watoto wenye vichwa vikubwa. Mkazi wa huko aweza kuandikishwa kanisani au msikitini, akasoma, akatibiwa na hatimaye akazikwa, na kila hatua ikabaki katika maandishi ya watu wa dini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019 inaliona jambo hili. Kifungu cha 9 kinakataza kukusanya taarifa za imani ya mtu, msimamo wake wa kisiasa, maisha yake ya kingono, fedha zake na afya yake. Papo hapo kinaacha mlango: taasisi ya dini isiyotafuta faida inaruhusiwa kufanya hivyo katika shughuli zake halali, mradi taarifa ziwe za wafuasi wake au watu wanaohusiana nayo mara kwa mara, na zisimfikie mtu wa tatu bila ridhaa ya mhusika.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Daftari lililofungiwa kabatini lililitimiza bila jitihada yoyote, kwani asiye na ufunguo hakulisoma. Programu ya simu haina kabati. Ndani yake yumo aliyeiunda, yumo mwenye seva, na mara nyingi yumo mnunuzi wa taarifa ambaye muumini hajapata kumsikia. Mwaka 2020 ilifichuka kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na mwelekeo wa kibla, ilikuwa ikiipa kampuni ya X-Mode taarifa za mahali walipo watumiaji, na miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kuvunja uhusiano huo. Wala si watu wa nje tu wanaonunua: mwaka 2023 gazeti la Washington Post lilieleza jinsi kundi la Wakatoliki wa Colorado lilivyotumia mamilioni ya dola kupata taarifa za programu za uchumba ili kuwabaini mapadri waliozitumia.

Mbale ina sababu yake ya kuogopa orodha za waumini. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, mtu aliyehusika sana na kuanzishwa kwa mji huo, aliingia dini ya Kiyahudi pamoja na wafuasi wake, na jamii yao ya Abayudaya ingalipo Nabugoye, nje kidogo ya mji. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao, baadhi walihamia Ukristo au Uislamu, wengine wakaabudu kwa siri. Mwaka 1977 alipiga marufuku pia madhehebu mengi ya Kikristo. Orodha ya majina iliyo salama chini ya utawala mmoja huwa hati ya mashtaka chini ya mwingine, na jamii ndogo haina wingi wa watu wa kujifichamo.

Fedha nazo zimeingia katika orodha hizo. Zaka na sadaka zinazotumwa kwa simu huacha jina, namba, kiasi na siku, yaani imani na fedha, aina mbili za taarifa nyeti, katika mstari mmoja. Bahasha ya sadaka haikuwa na kumbukumbu ndefu kiasi hicho.

Suala gumu zaidi ni la watoto. Compassion International, iliyoingia Uganda mwaka 1980 na inayofanya kazi kupitia makanisa ya mahali, humuunganisha mtoto na mfadhili wa ng'ambo kwa picha na barua. Mashirika mengine yana utaratibu unaofanana na huo. Kwa kawaida kifungu cha 8 hudai ridhaa ya mzazi au mlezi. Lakini ridhaa ya mama anayesubiri karo, inayoombwa na kanisa lile lile litakaloilipa, ni ridhaa nyembamba mno. Jinja ilionja uchungu wa jambo la jirani na hili mwaka 2019, pale shirika moja la kimisionari liliposhtakiwa katika Mahakama Kuu ya huko. Shauri lilihusu tiba, likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2020; hata hivyo, maandishi ya blogu kuhusu hali za watoto waliolazwa yalijadiliwa sana.

Wapo wanaotaka dola iingilie kati. Lakini dola yenyewe imewahi kusukumwa na ari ya kidini kuingia katika simu za watu. Sheria dhidi ya Ponografia ya 2014, iliyopiganiwa na Waziri Simon Lokodo, padri wa zamani, iliunda kamati yenye jukumu la kuharakisha uwekaji wa programu za kubaini na kuzuia picha hizo katika kompyuta, simu na televisheni. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake muhimu, ikiwamo tafsiri ya ponografia yenyewe.

Kinga ya kifungu cha 9 haitolewi kwa sababu ya utakatifu wa taasisi, bali kwa sababu taarifa hubaki nyumbani. Parokia, msikiti au sinagogi lisiloweza kumwambia muumini wake ni nani mwingine anayesoma jina lake haliwezi kudai kinga hiyo.