Thalidomaidi: jinsi waathirika na familia zao walivyoanza kusaidiana

Thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwezi Oktoba 1957, ikitangazwa kuwa dawa salama ya usingizi na utulivu. Mwaka uliofuata iliingia Uingereza na hatimaye nchi nyingi, ambako wajawazito waliitumia kupunguza kichefuchefu. Kipindi cha hatari kilikuwa kifupi mno, takribani kati ya siku ya 20 na ya 36 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na madhara yake: mikono au miguu mifupi au isiyokuwapo kabisa, pamoja na ulemavu wa macho, masikio na viungo vya ndani. Wengi wao walifariki wakiwa wachanga.

Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ujerumani Magharibi mwishoni mwa Novemba 1961, baada ya daktari wa watoto wa Hamburg, Widukind Lenz, kutoa tahadhari. Hapo ndipo kazi ya wazazi ilipoanza. Nchini Uingereza waliunda chama chao mwaka 1962, na wenzao wa Ujerumani wakafuata. Mikutano yao ya awali ilishughulikia mambo ya kila siku: mtoto asiye na mikono ale vipi, avae vipi, asome shule gani. Mama aliyekuwa akijilaumu kwa kumeza kidonge alichoandikiwa na daktari alikutana na mwingine mwenye uchungu uleule, na faraja hiyo hakuna ofisi iliyoweza kuitoa.

Suala la fidia lilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1968 familia 62 za Uingereza zilikubali asilimia 40 tu ya kiasi ambacho zingelipwa kama zingeshinda kesi. Baadaye kampuni ya Distillers, iliyouza dawa hiyo nchini humo, ilitoa pendekezo la mfuko wa pauni milioni 3.25 kwa watoto waliosalia, kwa sharti kwamba wazazi wote wakubali. Baadhi walikataa. Kukataa huko hakukuwa jambo jepesi, kwa kuwa familia zilizohitaji fedha haraka ziliona zinacheleweshwa na wenzao. Hata hivyo, baada ya kampeni ya gazeti la Sunday Times mwaka 1972, kampuni iliongeza kiasi hicho hadi takribani pauni milioni 20, na mwaka 1973 ukaanzishwa mfuko wa kudumu wa kuwahudumia waathirika.

Watoto hao sasa wamevuka miaka 60, na mahitaji yao yamebadilika. Aliyetumia miguu au meno kufanya kazi za mikono kwa miongo kadhaa huumwa mgongo, nyonga, shingo na meno mapema kuliko wenzake. Wazazi waliowatunza wamezeeka au wamefariki. Kwa sababu hiyo waathirika wa Uingereza waliishawishi serikali yao itoe ruzuku ya afya kuanzia mwaka 2010, ambayo kila mmoja huamua mwenyewe namna ya kuitumia: kurekebisha nyumba, gari, au kumlipa msaidizi.

Uthibitisho wa madhara bado ni kikwazo. Vyeti vya dawa vya miaka ile vimepotea na mashahidi hawapo tena, hivyo baadhi ya watu hawajatambuliwa rasmi hadi leo.

Kampuni ya Grünenthal, iliyotengeneza dawa hiyo, iliomba radhi mwaka 2012, takribani miaka 50 baada ya kuiondoa sokoni. Serikali ya Australia iliomba radhi bungeni Novemba 2023, waathirika wakiwapo ukumbini.

Thalidomaidi ingali inatumika kutibu baadhi ya matatizo yatokanayo na ukoma na aina moja ya saratani ya damu, chini ya uangalizi maalumu. Mgonjwa aliyepewa dawa hiyo haruhusiwi kumgawia mtu mwingine, na mwanamke anayeweza kupata mimba hupimwa ujauzito kabla ya kuanza kuitumia na katika kipindi chote cha matibabu.