Ua wa Minyaa

Anayefika Nyegezi akitokea mjini Mwanza huona kwanza majabali, kisha kuta za matofali. Zamani, baina ya majabali na nyumba palikuwa na kitu cha tatu, nacho ni ua wa minyaa. Mnyaa hauna miiba kama ndugu zake waotao juu ya mawe, lakini una silaha yake: utomvu mweupe uunguzao ngozi na kuumiza macho vibaya. Ng'ombe na mbuzi huuepuka. Ukivunja kijiti chake na kukichomeka ardhini, hushika.

John Hanning Speke, aliyefika hapa Mwanza na kuliona Ziwa mwezi Agosti 1858, alipita katika vijiji vya Unyamwezi vilivyozungushiwa miti hiyo. Zama zile zilikuwa za vita, na ua ulikuwa ngome. Vita vilipokwisha ukabaki na kazi ya pili, yaani mpaka. Babu yangu hakuwa na hati ya shamba. Ukimwuliza lilipoishia, aliinua fimbo na kuielekeza kwenye minyaa.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, itimizwe kabla ya 1976 kwisha. Huku Usukumani operesheni ilipamba moto mwaka 1974. Watu walihama, minyaa haikuhama. Nimepita katika mahame ambamo halikubaki hata jiwe la figa, lakini ua ulisimama, ukilinda nyumba isiyokuwapo.

Baadaye wengi walirudi kudai ardhi zao. Mwaka 1992 ilitungwa sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vile. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa haki hizo ni mali inayolindwa na Katiba. Mzee asiye na karatasi alikuwa na minyaa yake, na majirani walioiona ikipandwa.

Tangu 1975 mkataba wa kimataifa wa CITES unadhibiti biashara ya mimea ya jamii hii, maana baadhi yake ni adimu. Mnyaa wetu si adimu. Kinachotoweka ni ua wenyewe, na hakuna mkataba unaoulinda. Chuo kilichoanza Nyegezi mwaka 1960 kilikuwa chuo kikuu mwaka 1998. Mji ukatufuata, na viwanja vikapimwa.

Nami sina mikono safi. Nilipojenga, niling'oa ua wa babu ili nisimamishe ukuta. Kabla msingi haujakauka, jirani yangu nami tulikuwa tukigombana juu ya hatua tatu za ardhi, na hapakuwa na wa kutuamua. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari letu lilikuwa likiota uani, nami nililing'oa kwa jembe, ukurasa baada ya ukurasa.