Daktari Aliyepima Kinyesi

Mwaka 1972 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha jedwali ambalo kila nikilisoma najizuia kucheka. Ni la uzito wa kinyesi. Wanavijiji wa Uganda: kama gramu 470 kwa siku. Mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao: kama gramu 104. Chakula cha mwanakijiji kilipita tumboni kwa saa 36 hivi. Cha baharia kilikawia humo saa 83.

Mpimaji mkuu alikuwa Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland mwenye jicho moja, aliyefika Uganda mwaka 1946 akafanya kazi Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi wanamkumbuka kwa uvimbe wa taya za watoto unaoitwa kwa jina lake. Kuufuatilia uvimbe huo, mwaka 1961 yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu la Ford wakatembea maili 10,000 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakibisha hodi hospitali baada ya hospitali. Huko ndiko alikozoea kuuliza ugonjwa uko wapi na, muhimu zaidi, wapi haupo.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966 aliendelea kuwaandikia madaktari wa hospitali za misheni. Je, saratani ya utumbo mpana mnaiona? Kidole tumbo? Mawe ya nyongo? Majibu yalikuwa yaleyale: kwa nadra sana. Hugh Trowell, aliyetibu Kenya na Mulago tangu 1929 kabla ya kuwa kasisi, aliyaona hayohayo. Mtafiti Alec Walker naye alikuwa ameshayachunguza Johannesburg. Wakaelekeza kidole kwenye makapimlo: ganda la nafaka na ile sehemu ya maharage na viazi ambayo tumbo haliimeng'enyi. Uchafu ukitoka upesi, walisema, vichochezi vya saratani havipati nafasi ya kuusumbua ukuta wa utumbo.

Mimi nina sababu ya kulifuata jambo hili. Baba alikuwa na mashine ya kusaga mahindi kijijini, upande wa Njombe, na miaka hiyohiyo Burkitt akihubiri pumba Ulaya, sisi tulikuwa tukiziondoa. Mwenye fedha alileta debe lake likakobolewa, akaenda kuloweka na kuanika, akarudi kusaga sembe nyeupe. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ilikuwa ya wasio na senti ya kukoboa na ya wanafunzi wa bweni, waliokuwa wakiinung'unikia. Pumba zilibaki kwetu, na nguruwe wa mama walinenepa kwelikweli.

Burkitt hakuwa sahihi kwa kila kitu. Wazee walikuwa wachache katika wodi alizozihesabu, na saratani ya utumbo mpana huwapata zaidi wazee. Wagonjwa wengi nao walifia nyumbani bila kupimwa. Marekani, majaribio ya kuzuia vivimbe vya utumbo kwa makapimlo, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2000, hayakuonyesha faida. Miaka mitatu baadaye, utafiti wa watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10 za Ulaya ulikuta kwamba waliokula makapimlo mengi walipata saratani ya utumbo mpana kwa uchache zaidi.

Jaribio ninalolipenda ni la mwaka 2015. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walilishwa kwa wiki mbili chakula cha vijijini KwaZulu, Afrika Kusini, na Wazulu 20 wakalishwa cha Marekani. Kwa Wamarekani butireti iliongezeka, kemikali ambayo bakteria wa utumboni huitengeneza kutokana na makapimlo na ambayo hulisha na kutuliza ukuta wa utumbo. Kwa Wazulu ilipungua. Kumbe mwendo wa uchafu haukuwa kisa chote. Kazi kubwa hufanywa na wale bakteria.

Leo dona inapakiwa vizuri mijini, na madaktari huwashauri wenye kisukari waile. Nafurahi, lakini mtoto wa mashine hasahau ghala. Mahindi yaliyovunda hubeba sumukuvu, ambayo huleta saratani ya ini, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini, ndivyo hasa vinavyoondolewa na kukoboa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo nikinunua dona sokoni, kabla ya bei namuuliza muuzaji mahindi yalianikwa wapi: kwenye turubai au ardhini?