Kasisi Aliyeogopa Kufa

Jioni ya tarehe 25 Januari 1736, meli ya Simmonds ilikuwa katika Bahari ya Atlantiki, ikielekea Georgia, koloni la Waingereza huko Amerika. Wimbi kubwa lilipiga, likachana tanga kuu na kumwaga maji hadi ndani ya meli. Waingereza walipiga mayowe. Wamoravian, Wakristo wa Kijerumani waliokuwa katikati ya ibada, waliendelea kuimba zaburi yao.

John Wesley, kasisi wa Kianglikana wa miaka 32, aliwatazama asiamini. Baadaye alimwuliza mmoja wao kama hawakuogopa. Akajibiwa kwamba hata wanawake na watoto wao hawaogopi kufa. Wesley mwenyewe alikuwa ameogopa.

Wala hakuwa mzembe wa dini. Huko Oxford, yeye na mdogo wake Charles walikuwa na kikundi cha wenzao waliofunga Jumatano na Ijumaa, wakawatembelea wafungwa na kuwasaidia maskini. Utaratibu wao mkali ndio uliowafanya wanafunzi wengine wawakejeli kwa jina la Wamethodisti. Hata safari ya Georgia ilikuwa sehemu ya jitihada hiyo: kabla ya kuondoka aliandika kwamba tumaini lake kuu ni kuiokoa nafsi yake mwenyewe.

Georgia haikumpa alichokifuata. Alimnyima ushirika mtakatifu binti aliyewahi kumpenda, ambaye sasa alikuwa ameolewa na mwingine. Kesi ikafunguliwa dhidi yake, na Desemba 1737 Wesley akaondoka Savannah usiku.

Aliporudi London alikutana na Mmoravian kijana, Peter Böhler, aliyemfundisha kwamba imani iokoayo ni zawadi ya Mungu, si ujira wa mcha Mungu. Wesley aliona hana imani hiyo, akauliza kama aache kuhubiri. Böhler akamshauri aihubiri mpaka aipate.

Tarehe 24 Mei 1738, Wesley alikwenda shingo upande kwenye mkutano mdogo katika mtaa wa Aldersgate. Mtu mmoja alikuwa akisoma dibaji ambayo Martin Luther aliiandikia Waraka kwa Warumi mwaka 1522. Yapata saa tatu kasorobo usiku, Wesley alihisi moyo wake ukipata joto la ajabu. Aliamini kwamba Kristo, na Kristo peke yake, amemwondolea dhambi zake.

Baada ya hapo likazuka swali jingine: kama wokovu ni bure, matendo ya nini? Katika jumuiya ya Fetter Lane, London, baadhi walifundisha kwamba asiye na imani kamili atulie tu, aache ushirika na hata kusoma Biblia, asije akavitegemea. Wesley alikataa, na Julai 1740 akajitenga nao pamoja na wafuasi wake. Kwake yeye, neema haikumruhusu mtu kukaa bure.



Wesley alifariki mwaka 1791, akiwa bado anahubiri na kuwagawia maskini fedha zake. Matendo yake ya uzeeni yalifanana sana na yale ya Oxford. Tofauti ni kwamba ya ujanani yalikuwa malipo ya deni asilokuwa na uwezo wa kulimaliza. Ya uzeeni yalikuwa shukrani ya mtu aliyekwisha kusamehewa.