Mashine ni ya Nani?

Mwaka 1555, enzi ya Malkia Mary, Bunge la Uingereza lilisikia kilio cha wafumaji wa sufu. Matajiri wa biashara ya vitambaa walikuwa wamejaza vitanda vya kufumia majumbani mwao na kuweka vibarua wasio na ujuzi, huku mafundi waliojifunza kazi hiyo kwa miaka mingi wakikosa riziki. Bunge liliacha mtambo uendelee kutumika, likawekea mipaka umiliki wake. Nje ya miji, mfanyabiashara wa vitambaa hakuruhusiwa kuwa na zaidi ya kitanda kimoja cha kufumia wala kukodisha vitanda hivyo kwa wengine, na mfumaji aliruhusiwa visivyozidi viwili. Karne nne kabla ya roboti ya kwanza kuingia kiwandani, swali lenyewe lilikuwa tayari mezani: mashine ikifanya kazi ya watu kumi, faida yake ni ya nani?

Sheria hiyo na nyingine za kale zilidumu vitabuni, lakini wenye viwanda walizidi kuzipuuza. Wafanyakazi walichangishana fedha, wakaweka mawakili kuzitetea. Hawakufua dafu: mwaka 1809 Bunge lilizifuta. Miaka miwili baadaye mashine zilianza kuvunjwa usiku Nottinghamshire, kisha Yorkshire na Lancashire. Waliozivunja, Waludi, wamesingiziwa hadi leo kwamba walichukia maendeleo. Wafumaji wa soksi wa Nottinghamshire walikuwa wametumia mashine maisha yao yote. Kilichowauma ni kwamba nyingi zilikuwa mali ya wafanyabiashara, na wafumaji walizilipia kodi kila wiki huku ujira ukishuka. Jibu la dola mwaka 1812 lilikuwa kufanya uvunjaji wa mashine kuwa kosa la kunyongwa, ingawa mshairi Byron aliipinga sheria hiyo mbele ya mabwana wenzake bungeni. Januari 1813, watu 17 waliohusishwa na Waludi walinyongwa mjini York.

Baada ya hapo mashine zilizidi kuenea. Vitanda vya kufumia vilivyoendeshwa kwa mitambo nchini humo vilikadiriwa kuwa 2,400 mwaka 1813. Kufikia 1833 vilikuwa kama 100,000. Ajira mpya zilikuja, lakini nyingi hazikumfikia aliyepokonywa ya zamani. Kizazi kizima cha wafumaji wa mkono kilizeeka katika ufukara.

Karne ya 20 ilileta njia nyingine. Mwaka 1956 meli Ideal X ilisafirisha makontena 58 kutoka Newark hadi Houston, na kazi ya kubeba mizigo mabegani ikaanza kuhesabiwa siku zake. Mwaka 1960, chama cha wafanyakazi wa bandari za pwani ya magharibi ya Marekani, chini ya Harry Bridges, kilikubali mashine ziingie kwa masharti: waliosajiliwa kikamilifu wasipunguzwe kazini, na waajiri wachangie mfuko wa dola milioni 29 kwa ajili ya pensheni na ujira wa uhakika. Waliokuwamo walilindwa. Vijana waliofuata walikuta nafasi zimepungua, na mashine zikabaki za wenye kampuni.

Uswidi ilithubutu kwenda mbali zaidi. Mwaka 1976 mchumi Rudolf Meidner alipendekeza sehemu ya faida za kampuni kubwa igeuzwe hisa za mifuko ya wafanyakazi. Toleo lililopunguzwa makali lilianza kutumika mwaka 1984, likafutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2017 Bunge la Ulaya lilikataa pendekezo la kodi ya roboti; mwaka huohuo Korea Kusini iliamua kupunguza nafuu ya kodi kwa wanaowekeza katika mitambo ya kujiendesha.

Kwetu suala hili limeshafika shambani. Mei 2023, waandamanaji wa Kericho, Kenya, walichoma moto mashine za kuchuma chai, na makabiliano na polisi yakagharimu uhai wa mtu. Kabla ya hapo jopo la kaunti lilikuwa limependekeza uwiano wa 60 kwa 40 kati ya chai inayochumwa kwa mashine na ile ya mkono. Uwiano huo ungewapa wachumaji muda wa kupumua, lakini mashine zote zingebaki za mwajiri.

Kuna mfano wa karibu unaopita huo. Viwanda vya chai vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la maendeleo ya chai la Kenya, ni mali ya wakulima wadogo zaidi ya 600,000, wanaovimiliki kwa hisa. Wana malalamiko mengi kuhusu uendeshaji, lakini mtambo ukiongeza faida, wana haki ya kudai fungu lao. Mchumaji wa shamba la kampuni hana pa kudai.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashine ikija bila kumponya mwenyeji, sheria iingilie kati. Wabunge wetu waanze na mambo matatu: kampuni itoe taarifa mapema kabla ya kuleta mtambo unaoondoa watu, sehemu ya gharama itakayookolewa igharimie mafunzo na kiinua mgongo, na sehemu nyingine inunue hisa kwa jina la wafanyakazi. Mipaka inayowekewa mashine hupuuzwa na mwisho hufutwa. Hisa mkononi mwa mfanyakazi humfanya mmoja wa wenye mashine, na kazi hiyo ifanyike sasa, kabla moto haujawashwa tena.