Utaratibu wa Kuhaulisha Ardhi ya Kijiji kwa Ajili ya Uwekezaji

Ardhi yote nchini Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi (Sura ya 113) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Sura ya 114), zilizotungwa mwaka 1999, zinaigawa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi.

Asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji. Eneo la kijiji linalokusudiwa kwa mwekezaji wa kigeni sharti kwanza lihaulishwe kuwa ardhi ya jumla.

Hatua za uhaulishaji

Waziri mwenye dhamana ya ardhi hutangaza kusudio katika Gazeti la Serikali na kuipelekea halmashauri ya kijiji taarifa inayoeleza mahali eneo lilipo, ukubwa wake na sababu. Halmashauri huwaarifu wananchi, na wanaotumia eneo hilo wana haki ya kutoa maoni.

Iwapo eneo halizidi hekta 250 (takribani ekari 618), Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri huamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya Mkutano huo. Mwenyekiti au halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi pasipo idhini ya Mkutano Mkuu.

Fidia

Uhaulishaji haukamiliki kabla ya kukubaliana aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia. Fidia huzingatia thamani ya soko, posho za usumbufu, usafiri na makazi, pamoja na hasara ya faida. Isipolipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini kuidhinishwa, huongezewa riba.

Mwekezaji anapoondoka

Ardhi iliyohaulishwa hairejei kijijini yenyewe. Haki ya mwekezaji wa kigeni inapokoma, ardhi hurudi kwa mamlaka ya uwekezaji au chombo kingine kitakachoteuliwa na Waziri. Hivyo, uamuzi wa Mkutano Mkuu unagusa pia vizazi vijavyo.

Ardhi ya pamoja

Malisho na misitu ya asili isiyolimwa huweza kudhaniwa kuwa haina mwenyewe. Sheria inatambua hakimiliki ya kimila kuwa na hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa, kwa wanaume na wanawake, na inaruhusu kundi la watu kumilikishwa. Mwaka 2011, Wahadzabe wa Yaeda Chini, Wilaya ya Mbulu, walipata Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000 wanamowinda na kukusanya matunda, mizizi na asali.

Wananchi wanashauriwa kuhudhuria Mkutano Mkuu, kuhakikisha ukubwa wa eneo na masharti ya fidia vimeandikwa katika muhtasari, na kuwasilisha migogoro katika Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.